Batri ya redio isiende tena ku matanga



Tunaanza na kosa letu, juu mutu akianza na sifa, watu wanafunga gazeti. Usiku mumoja wa mwezi wa tatu 2025, mvua ilinyesha hapa Likasi toka magaribi mpaka usiku wa manane. Umeme ukaenda. Kiisha umeme, rezo ya simu nayo ikaenda. Usiku ule ule, kijana mumoja wa mutaa wetu, mwenye anatumika upande wa Kolwezi, alivunjika muguu ku kazi. Jiwe lilimuangukia. Wenzake walikuwa na akili. Walijua kama Likasi kuko klabu ya redio ya kusemeshana, na kule Kolwezi kuko rafiki yetu mwenye redio sawa ile. Walikimbia kwake. Aliita saa tatu, aliita saa ine, aliita saa tano. Hakuna mutu alijibu.

Juu ya nini? Juu batri haikukuwa ku redio. Tulikuwa tumeiazimisha ku matanga, nyumba ya pili toka fasi ya mukutano, kwa kuwasha taa. Tulisema: ni usiku mumoja tu, nani atatuita na mvua hii?

Mama ya kijana alipata habari kesho yake saa sita ya muchana, kwa kinywa cha dereva wa kamiyo. Na habari ilikuwa imegeuka njiani: walimuambia mutoto amekufa. Alipanda gari akilia, kilometa karibu 180, anafika Kolwezi anamukuta mutoto amekaa ku kitanda, muguu ndani ya plasta, anakunywa uji. Alianguka chini palepale. Kiisha juma moja alitukuta ku barabara. Hakutugombesha. Aliuliza neno moja: "Sasa ile redio yenu ni ya nini?"

Mwaka umekwisha. Tunaandika hapa ile tulifanya, ile tulishindwa, na jibu letu kwa mama yule. Jibu kwa kifupi ni hili: redio ya kusemeshana si muchezo wa wazee wa pansyo. Ni chombo cha usalama wa mufanyakazi na jamaa yake, na sisi watu wa sendika tunapaswa kuichunga sawa vile tunachunga sanduku ya musaada wa kifo. Sanduku ile hakuna mutu anaiazimisha ku sherehe. Batri nayo iwe vile.

Foni wazee wanaijua

Wale wenye kupita miaka 40 wanakumbuka foni. Wakati simu za waya zilikuwa zimekufa na za mukononi bado hazijafika, mutu wa Likasi akitaka kusema na ndugu yake wa Kalemie ao Mbuji-Mayi, alikwenda ku foni: ku misioni, kwa mufanya-biashara, ao ku kabini. Unalipa, unakaa ku banji, operateri anaita, anaita. Kiisha unapiga kelele mbele ya watu wote: "Yaya, baba anaugua, tuma makuta, terminé!" Siri hapana. Lakini habari ilikuwa inafika.

Habari za shaba zenyewe zilikuwa na njia zamani sana. Mbele ya vita ya 1914, utawala wa Wabelgiji ulipandisha minara ya telegrafi bila waya toka upande wa bahari mpaka Elisabethville, ile tunaita leo Lubumbashi. Minara ile haikujengwa juu ya kumuambia mama kama mutoto wake ni muzima. Ilijengwa juu ya kazi ya wakubwa. Na leo tena, kila kampuni iko na redio zake, walinzi wako na motorola zao, lakini jamaa ya mufanyakazi inangojea dereva wa kamiyo.

Klabu yetu ilizaliwa na wazo hilo. Muzee mumoja wetu alikuwa operateri wa foni, na iko na ruhusa yake ya "radio-amateur". Neno lile watu wengi hawalijui, basi tunalieleza. Si stesheni ya kupiga muziki na kutoa matangazo. Ni mutu mwenye kusemeshana na watu wengine wa redio, hapa na inchi za mbali, kwa kujifunza na kwa kusaidia. Halipwi. Hauzi kitu kwa redio. Hasemi kwa lugha ya siri, juu mutu yeyote mwenye redio ana haki ya kusikia. Kila mumoja iko na jina lake la kuitwa, lenye serikali inamupatia. Majina ya Kongo yetu yanaanza na 9Q. Wakati wa ukoloni yalianza na OQ. Mutu wa Brazil ao wa Japani akisikia 9Q, anajua hapohapo: huyu ni Mukongomani.

Masomo ya maji na bomba

Mwezi wa kwanza tulikuwa watu 14. Wachimbaji watano, mekanisye wawili, mwalimu mumoja, wazee wawili wa pansyo na bamama ine. Tulikutana kila siku ya posho kiisha saa nane. Muzee alifundisha kwa Swahili, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu, juu vitabu vyote viko kwa Kifaransa. Volti tulisema ni nguvu yenye kusukuma maji. Amperi ni wingi wa maji yenye kupita. Ohmu ni wembamba wa bomba. Vijana wenye walishindwa fizike ku masomo walielewa siku moja.

Tulijifunza na kusema majina ya herufi vile marubani wanasema: Alfa, Bravo, Charli. Watu walicheka. Lakini weka watu wawili, mumoja aseme "P" na mwingine asikie "B", mvua ikigonga ku mabati, utaona kama ni kitu cha kucheka. Jina la mugonjwa likigeuka herufi moja, jamaa nyingine italia bure. Mama yule wa Kolwezi anaweza kuwaambia.

Morse hatukulazimishwa. Toka 2003, sheria za dunia hazilazimishe tena mutu ajue Morse mbele ya kupata ruhusa. Kila inchi inajichagulia. Hata vile wawili wetu wanaijifunza, juu sauti ya Morse inapita hata pale sauti ya mutu inazama.

Mwezi wa pili ulituvunja. Tarehe 22/02/2025 serikali ilisimamisha cobalt isitoke inchini. Sisi hatukatae kama bei ilikuwa imeanguka na inchi ilipaswa kufanya kitu. Lakini ku nyumba za wafanyakazi ile ilimaanisha saa chache, primu imekatwa, kontra ya muda haifanywe upya. Klabu ilishuka toka watu 14 mpaka 9. Muchango ukakosa. Ndiyo ile mwezi tulianza kuazimisha vitu vyetu huku na huku, kidogo kwa urafiki, kidogo kwa makuta ya muchango. Batri ilikwenda ku matanga namna ile. Hatuseme hivi kwa kujitakasa. Tunasema juu mwenye kusoma aone ginsi kosa linazaliwa: haliji kwa ubaya, linakuja kwa njaa.

Waya wa shaba kati ya miti

Kiisha usiku ule wa mwezi wa tatu tuliandika kanuni moja ku ukuta, kwa rangi nyekundu: batri haitoke. Na tukaandika zamu. Kila usiku wa mvua, mutu mumoja analala penye redio, na kila saa, dakika kumi za kwanza, anasikiliza. Rafiki wa Kolwezi na mwingine wa Lubumbashi wanafanya vile vile. Hakuna dawa nyingine. Redio bila mutu wa kusikiliza ni sanduku tu.

Tarehe 18/04/2025 ilikuwa siku kubwa. Ushirika wa dunia wa watu wa redio ulizaliwa Paris mwaka 1925, basi ulitimiza miaka 100. Tuliita toka asubui. Na jua lilitusaidia. Kila karibu miaka 11 jua linafika ku kilele cha nguvu yake, madoa yake yanakuwa mingi, na mawimbi ya redio yanasafiri mbali. Mwaka ule tulikuwa karibu na kilele. Siku ile tulisema na Afrika Kusini, Italia, Urusi. Kijana mumoja mwenye hajavuka hata muto Lualaba alisemeshana na mutu wa Brazil kwa Kireno cha maneno matatu. Alitetemeka mikono. Kiisha alituambia: "Bananisikia mie! Mutoto wa Panda!"

Tunaheshimu furaha ile. Lakini Brazil haitakuja kutubeba. Ile tunahitaji ni Kolwezi na Lubumbashi, na hapo tulijifunza kitu cha kushangaza: karibu ni kugumu kuliko mbali. Wimbi linapanda, linagonga tabaka ya juu ya anga, linashuka mbali sana, na Kolwezi inabaki ku kivuli. Dawa yake ni kushusha antene. Badala ya mulingoti murefu, tulitandika waya chini, metre ine ao tano juu ya udongo, ili wimbi lipande moja kwa moja na kushuka karibu, sawa vile ukielekeza bomba ya maji juu ya kichwa chako. Muchana tunatumia 7 MHz, na waya wake ni mikono miwili ya metre kumi kumi. Usiku tunashuka 3,5 MHz, mikono miwili ya metre 20.

Waya ule ulitoka wapi? Ulitoka ndani ya motere ya umeme yenye ilikuwa imeungua. Tulikaa kipindi chote cha kiangazi tukifungua shaba ile, tukiinyorosha, tukiifunga kati ya muembe na mwavokado. Sisi wenye kutoa shaba chini ya udongo maisha yetu yote, hii ilikuwa shaba ya kwanza yenye ilibaki kwetu na kutumika juu yetu.

Neno moja kwa vijana wenye watataka kutuiga: Katanga ni inchi ya radi. Mbele radi ianze kulia, toa waya wa antene ku redio na uutupe inje. Weka na chuma mirefu ndani ya udongo kwa kushusha moto wa radi. Redio iliyoungua inanunuliwa tena. Mutu hapana.

Mugomo na redio

Mwezi wa munane tuligombana sisi kwa sisi, na tunaeleza ugomvi ule juu unagusa kila mutu wa sendika. Ku kazi moja, ma delege walikuwa wanatayarisha kusimamisha kazi juu ya kontra za watu wa sutretansi. Wandugu wengine wakasema: tuko na redio, tuite Kolwezi na Lubumbashi, wenzetu wasimame siku moja na sisi. Wazo lilikuwa tamu. Sisi wenyewe mioyo yetu ilikuwa upande ule.

Tulikaa toka magaribi mpaka jogoo wa kwanza. Mwisho tulisema hapana, na tunaendelea kusema hapana. Sababu ya kwanza ni sheria: redio hii ilipewa kwa kujifunza na kwa musaada, haikupewa kwa mambo ya kazi ao siasa. Sababu ya pili ni akili: hakuna siri ku redio. Ukiita mugomo, bwana mukubwa anausikia mbele ya mwenzako. Sababu ya tatu ndiyo ilinyamazisha watu. Mama mumoja, mujane wa mufanyakazi, alisimama akasema: "Bakinyanganya redio juu ya mugomo, siku mutoto wangu anazikwa na jiwe, nitaitia mu nini?"

Tulipiga kura. Mugomo ulifanywa vile sendika zetu zinafanya toka zamani: kwa miguu, kwa karatasi, kwa mukutano chini ya muti. Kwa ile kazi miguu inatosha. Redio ni kamba ya kuokolea mutu. Ukiifunga ku vita nyingine, siku ya kuokoa utaikuta imekatika.

Na walikuja kutuuliza. Watu wawili wa usalama walifika wakasema wamesikia "bale ba redio banafanya bupelelezi". Tuliwaonyesha karatasi ya ruhusa na kitabu chenye tunaandika kila kuita: siku, saa, jina la mwenye kujibu, maneno yenye yalisemwa. Walisoma kurasa mingi. Walikaa, wakasikiliza redio, mumoja akaomba aseme na ndugu yake wa Kolwezi. Ile siku tulishukuru kura yetu ya mwezi wa munane.

Ile redio haiwezi

Mwezi wa kenda tulifanya zoezi. Kundi moja lilikwenda Kambove, lingine lilibaki penye redio kubwa, la tatu lilikaa karibu na hospitali. Tulituma barua za mufano 25: jina, fasi, ginsi gani ameumia, dawa gani inahitajika. 19 zilifika bila kosa. Sita zilifika zimeharibika, na zote sita zilipita kwa wanaume wenye walitaka kuonyesha kama wanakumbuka bila kuandika. Mutu mwenye hakukosa hata mara moja ni yule mama mujane. Miaka mingi anachunga kitabu cha likelemba cha bamama 20, amezoea kuandika kila kitu vile kilivyosemwa, bila kuongeza, bila kupunguza. Toka siku ile yeye ndiye mukubwa wa barua.

Tulijaribu na motorola za mukononi ndani ya mufereji mukubwa wa beton chini ya reli, kwa kujua ginsi sauti ingekuwa chini ya mugodi. Kiisha kona ya kwanza, kimya. Jiwe na udongo vinakula mawimbi. Basi tuseme wazi, mutu asidanganyike: redio yetu haiwezi kumusikia mutu chini ya mawe. Kwa kazi ile kuko vyombo vingine. Migodi mingi ya chini duniani inavuta waya wa pekee kando ya galeri, wenye kuachilia mawimbi njiani mwote, na motorola zinasikia. Hata Ubelgiji, profesa Paul Delogne na wenzake walitumika sana ku jambo hili ndani ya migodi ya makaa. Si siri, si kitu cha mwezini. Kuuliza kama waya ule uko ku galeri yako ni haki yako.

Mwaka 2010 kule Chile, wafanyakazi 33 walifungiwa chini siku 69. Siku 17 za kwanza, hakuna mutu wa juu alijua kama wako wazima. Jamaa zao walisimamisha hema penye mugodi, wakakataa kurudi nyumbani. Kiisha mashine ikatoboa mpaka kwao, na ku chuma chake ikapanda karatasi ndogo yenye maandishi mekundu: wote wako wazima. Wale jamaa walikuwa na hema na subira. Sisi tuko na subira nyingi kupita kiasi. Ile inakosa ni njia.

Tarehe 15/11/2025, kule Kalando, mu Lualaba, daraja ya kujitengenezea ilianguka na wachimbaji, na watawala walihesabu angalau wafu 32. Nyumba ngapi za Likasi ziko na mutoto wa kreuzeri upande ule! Siku ile na siku yenye kufuata, bamama walijaa penye mulango wetu. Hatukukuwa na mutu wa redio kule. Tulikuwa na antene ya muzuri, batri imejaa, zamu imekaa, na hakuna wa kumuita. Redio yetu haikuokoa mutu, haikutuma hata jina moja. Tuliandika majina ya watoto wenye walitafutwa, tukagawanya vijana wa kupiga simu, ni ile tu. Redio moja si kamba. Kamba inahitaji mukono ku kila upande.

Lakini kulikuwa na usiku mwingine. Mwezi wa kumi na mbili, zoruba ilikata umeme na rezo siku mbili. Safari hii mutu alikuwa penye redio. Barua 11 zilipita kati ya Likasi na Kolwezi. Moja ilikuwa ya mufanyakazi mwenye baba yake alikufa hapa: mazishi ni kesho saa nane, uje. Alipata habari saa mbili ya usiku, akapanda gari ya asubui, akafika, akatupa udongo ku kaburi ya baba yake. Alikuja kutushukuru na kuku mumoja. Tulikula kuku, na ku ukuta, chini ya kanuni ya batri, tukaandika tarehe.

Wenye kutupinga

Watu wanasema: kila mutu iko na simu, redio ni ya nini? Simu ni ya muzuri, sisi wote tunaitumia. Lakini mukumbuke toka tarehe 31/12/2018, kiisha uchaguzi: intaneti na SMS vilikatwa inchi yote siku karibu 20. Na bila hiyo, kila masika mulingoti wa rezo unakosa umeme na unazimika. Redio yetu inakula batri ya gari na pano ya jua. Haiombi ruhusa kwa mulingoti wa mutu.

Wengine wanasema, na hawa tunawasikiliza sana: "Munanunua batri, na bunga inakosa." Ni kweli batri mupya ni sawa mifuko mingi ya bunga. Bibi zetu wametuambia hivyo, si kwa upole. Tunajibu hivi: mama yule alilipa gari kwenda na kurudi, alilipa na machozi ya mutoto mwenye hakufa. Gawanya bei ya batri kwa nyumba zote za mutaa, uone inabaki ngapi. Sanduku ya kifo tunaichangia kila mwezi bila kunungunika. Kuchangia kidogo ili mutu asife, ao asililiwe kama muzima, ni vigumu gani?

Ile tunaomba

Kwa sendika zetu zote, bila kuangalia rangi ya kadi: ku kila mutaa mukubwa wa wafanyakazi, muwe na redio moja, batri moja isiyotoka, na watu sita wenye kufundishwa. Likasi, Kolwezi, Lubumbashi, Kambove, Fungurume, Kipushi. Si gharama ya kushinda sendika. Tunagharimia zaidi kwa tisheti za tarehe 1 mwezi wa tano.

Kwa ma delege: Sheria ya Kazi ya 2002 inajua komite ya usalama na usafi ku kazi. Mukutano wenye kuja, wekeni ulizo hili ku meza: mufanyakazi akiumia, jamaa yake inaambiwa kiisha saa ngapi, na nani, na kwa njia gani? Ombeni iandikwe: saa mbili, si zaidi. Na kama munatumika chini, ulizeni sauti inafika wapi ndani ya galeri, na inakufa wapi.

Kwa serikali: karatasi ya ruhusa ya mutu mwenye halipwi isitembee ofisi kwa ofisi sawa karatasi ya kampuni. Mutafungua mulango, na watu watakuwa ku sheria. Mukifunga, watu watasema kwa kujificha, na hapo ndiyo fujo inaanza.

Kwa bamama na vijana: tumefika 21, na sita ni wanawake. Tunakaa siku ya posho, kiisha saa nane. Leta kayé na kalamu. Makuta si lazima siku ya kwanza.

Na kwa yule mama mwenye alituuliza ulizo lile ku barabara. Mutoto wake sasa anatembea, anachechemea kidogo. Mwezi wa kumi alikuja kwetu, akaketi nyuma, akasikiliza. Leo iko na zamu yake ya usiku, siku ya pili ya juma. Batri iko fasi yake, Mama. Unaweza kuja kuangalia saa yoyote.